Meza Isiyo na Mwenyeji

Ujumbe wa pesa uliingia nikiwa Busia, kwenye foleni ya kugonga pasi. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, jua la Machi, na huko Tanga wakati uleule kaka zangu walikuwa wanamteremsha mama kaburini. Habari za kifo zilinifikia alfajiri. Sisi hatulazi maiti, kwa hiyo nilipanda basi nikijua wazi kwamba sitamwahi. Kutoka Kampala hadi Tanga kwa njia ya Nairobi, Mombasa na Horohoro ni safari ya kulala njiani. Simu ikatetemeka mkononi. Shilingi 300,000 kutoka kwa rafiki yangu, kisha maneno mawili tu ya Kiganda, pole ya msiba: "Kitalo nnyo."

Hakupiga simu. Siku ile hakupiga, siku ya tatu ya matanga hakupiga, arobaini ikafika ikapita. Nilirudi Kampala nimeshajisadikisha jambo moja, kwamba rafiki yangu wa miaka 11 amenipa pesa ili asinifuate. Zile 300,000 sikuzigusa. Zilikaa kwenye simu kama zilivyoingia, na kila nilipoangalia salio niliziona, na kila nilipoziona roho ilichafuka upya.

Nimwite Sista, maana ndivyo anavyoitwa na kila mtu, ni muuguzi. Ni Muganda wa Masaka, lakini amekulia kambi ya jeshi Jinja, baba yake alikuwa askari. Kiswahili chake ni kile cha kambini, kinachokwenda moja kwa moja bila kusumbukia ngeli, na mimi nakipenda. Wasioishi Uganda huenda hawajui ilivyokuwa. Kwa miaka mingi Kiswahili hapa kilikuwa lugha ya bunduki, na watu walioonja enzi za Amin wakikisikia mtaani walifunga milango. Mwaka niliofungua duka langu la khanga na madera kule Kikuubo, wateja wengi walinisemesha Kiganda au Kiingereza hata kama Kiswahili walikijua. Yeye aliingia, akashika leso, akaniuliza kwa sauti kubwa bila woga, "Mama, hii imeandikwa nini?" Nikamsomea. Akacheka mpaka akaegemea kaunta, akataka nimsomee ya pili, na ya tatu. Urafiki wetu ulianzia hapo. Siku hizi ukitaja Tanga hapa Kampala watu wanakwambia habari za bomba la mafuta, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani. Sista aliijua Tanga yangu kabla ya bomba. Mama yangu alipokuja kunitembelea mwaka 2019, alimletea halua kwenye kikapu kidogo cha ukindu, akamlisha kipande cha kwanza kwa mkono wake.

Ndiyo maana iliuma.

Miezi saba tulisalimiana kama abiria waliowahi kukaa kiti kimoja kwenye teksi. "Habari ya duka?" "Nzuri. Hospitali?" "Tunashukuru." Basi. Oktoba akanipigia. "Mama Tanga, Jumamosi kuja tukule. Si kwangu, si kwako." Akanitajia mkahawa wa Kivietnam upande wa Bugolobi. Daktari mmoja anayefanya naye kazi aliwahi kuwapeleka yeye na wenzake. Nusura nikatae. Lakini yale maneno, si kwangu, si kwako, yalibaki masikioni, na nimeyafikiria sana tangu siku ile.

Angekuja kwangu, ningekuwa mwenyeji. Ningempikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, ningemwekea maji ya kunawa, ningemkaribisha mara kumi, na kwa mila tulizolelewa nazo pwani mgeni aliyeko kwenye mkeka wako huwezi kumsema. Ningemlisha hasira yangu kimyakimya, akaondoka ameshiba na mimi nimebaki nayo. Ningekwenda kwake, angepiga magoti kunisalimia kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, angeleta matooke yaliyofunikwa majani ya mgomba bado yanafuka moshi, na ningeanzaje kumwuliza mtu aliyepiga magoti? Ukarimu wetu sote wawili ni mzuri, lakini una namna ya kuziba mdomo. Kule Bugolobi hakuna aliyekuwa na nyumba ya kulinda.

Mkahawa wenyewe ulikuwa sehemu ya nyumba ya zamani, meza chache barazani, taa za karatasi, na bustani nyuma. Tuliletewa orodha ya vyakula na tukaitazama kama mtihani. Hata jina la supu yao mashuhuri, phở, hatukujua kulitamka. Binti aliyetuhudumia, kijana wa Mbarara, alitufundisha: ni karibu na "fa", sauti inashuka kisha inapanda kama ya mtu anayeuliza swali. Tukauliza pamoja, "Fa?" Akatuambia tumeweza.

Mimi nilikuwa na swali langu la kila mahali, na hili nawaambia Waislamu wenzangu wanaopenda kujaribu vyakula vya watu: uliza kabla ya kuagiza, uliza kwa upole, na uliza kitu kimojakimoja. Zile roli laini zilizoviringwa kwenye karatasi ya mchele, mapishi ya kawaida huwa na kamba pamoja na nyama ya nguruwe iliyochemshwa. Zile za kukaangwa, nyama ya kusaga ndani yake mara nyingi ni nguruwe pia. Lakini phở ya ng'ombe msingi wake ni mifupa ya ng'ombe, na Uganda kwa desturi ya siku nyingi machinjioni wachinjaji huwa Waislamu. Niliuliza pia kama mafuta ya kukaangia ni yaleyale. Binti hakukunja uso. Alikwenda jikoni, akarudi na mpishi mwenyewe, mama wa Kivietnam wa makamo, mtu wa Can Tho kwenye bonde la mto Mekong. Akatuambia kwa Kiingereza kifupi kifupi kwamba kwao kuna samaki mzima wa kukaanga anayeliwa kwa mikono, na hapa anatumia ngege, yaani sato. Mafuta ataweka mapya.

Ngege! Samaki wa ziwa hilihili. Sista akapiga meza kwa furaha.

Alikuja mzima, ameiva rangi ya shaba, magamba yamekuwa makavu ya kuvunjika. Pamoja naye sahani ya tambi nyembamba za mchele, tango, nanasi, bakuli la maji ya uvuguvugu, karatasi za mchele ngumu kama plastiki, na vipande vyembamba vya kitu cha kijani chenye ukingo mweusi. Sista akachukua kimoja, akakigeuza, akakinusa. "Mama Tanga. Hii ni ndizi." Ilikuwa ndizi mbichi. Mbichi kabisa, haijauona moto, imekatwa na sehemu ya ganda lake. Wao huila hivyo pamoja na samaki, ule ukakasi wake ukapunguza mafuta. Mtu wa Masaka aliyeanza kula matooke kabla ya kuota meno aliitafuna taratibu, macho yamefumba, akasema tu, "Bibi yangu angelia." Kisha akachukua nyingine.

Sahani ya mwisho ilikuwa ya majani. Nanaa niliijua, kotmiri niliijua. Mengine yalikuwa mageni, membamba, yenye harufu kali ya pilipili. Na katikati yake, shada zima, bua la zambarau na majani ya kijani yaliyochongoka. Nilichukua jani moja nikalisugua kati ya vidole kama ninavyofanya na kila jani.

Mrehani.

Si mrehani wetu hasa, huu una utamu fulani unaokaribia anisi. Lakini ni ndugu wa damu. Mama yangu hakuwahi kutoka kwenda harusini bila kikuba: asumini, mkadi, na shina la mrehani katikati, amekichomeka kifuani chini ya buibui. Akikukumbatia unabaki na harufu hiyo mpaka jioni. Nilipofika Tanga siku ile ya msiba, nyumba imejaa watu, nilikwenda uani kwanza na nikakuta mrehani wake kwenye kopo la maziwa umeanza kunyauka, kwa siku mbili hakuna aliyeukumbuka. Niliumwagilia maji ndipo nikaingia ndani. Sikuwa nimemwambia mtu habari hiyo. Na pale Bugolobi, jani likiwa vidoleni, machozi yalinitoka bila sauti.

Sista aliona. Hakunishika mkono, hakusema pole. Alivuta bakuli la maji katikati ya meza, akachukua karatasi ya mchele, akaanza kuihangaikia.

Namna ya kuifanya ni hii. Karatasi unaizungusha kwenye maji ya uvuguvugu, sekunde chache tu, unaitandaza kwenye sahani, unapanga majani, tambi, kipande cha samaki, unakunja pembeni, unaviringa. Ya kwanza ya Sista ilichanika. Ya kwanza yangu ilinata kwenye vidole ikawa donge. Tuliziacha majini mpaka zilainike vizuri, tukidhani ndiyo sawa. Binti wa Mbarara akasimama, akatuonyesha. "Nnyabo, usisubiri. Itoe bado ngumu, italainika yenyewe kwenye sahani." Na kweli. Unaitoa bado inakataa kukunjika, unaanza kupanga vitu vyako juu yake, na unapomaliza kupanga, imeshakuwa laini kama kitambaa cha hariri.

Tulikuwa tumeinamia sahani zetu, macho kwenye vidole, alipoanza kusema. Naamini kabisa kwamba angenitazama usoni asingesema.

"Mama Tanga, mimi kule wodini natoa habari ya kifo kila wiki. Niko na maneno yake. Nimeyasema mpaka yanatoka yenyewe, kama mtu anasoma karatasi. Ile siku nilishika simu. Nikasikia yale maneno yanakuja mdomoni. Yaleyale ya wodi. Nikakata kabla haijalia. Jioni nikashika tena, nikakata. Kesho yake tena. Mama yako alinilisha halua kwa mkono wake. Singeweza kukupatia maneno ya wodi."

Nilibaki na kipande cha samaki hewani. Nikauliza, "Na pesa?"

Akainua uso kwa mara ya kwanza. "Ile si pesa. Ile ni mabugo."

Nimeishi Kampala miaka yote hii, nimechanga mabugo kwenye misiba ya watu kwa bahasha nisizoweza kuhesabu, na sikuwahi kuuliza neno lenyewe limetoka wapi. Akanieleza. Zamani Buganda ukifiwa, watu hawakuleta fedha, walileta lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba inayopigwa kwa nyundo za mbao mpaka inakuwa laini na nyekundu ya udongo. Ni ufundi wa zamani sana, na mwaka 2005 UNESCO iliutambua kuwa urithi wa binadamu. Maiti alivishwa gome juu ya gome, na kila gome lilikuwa la mtu aliyempenda. Kumletea mfiwa mabugo ni kusema, naweka nguo yangu kwenye mwili wa mama yako. Leo watu wanatoa shilingi lakini jina limebaki la nguo. Na "kitalo" vilevile. Mimi nililisoma kama "pole" ya haraka, neno fupi la mtu mwenye shughuli. Kwao hilo ndilo neno lenyewe, unalisema ukiingia, unalisema ukikaa, na halihitaji jingine la kulisindikiza.

Kwa hiyo nikiwa Busia juani nikijua siwezi kumfikia mama, mtu mmoja alikuwa ameshamfikia na nguo mkononi. Nami niliifunga ndani ya simu miezi saba.

Nilimweleza na upande wangu. Kwetu rambirambi ipo pia, lakini ni kitu cha mwisho, unamfumbata mfiwa mkononi wakati unaaga, baada ya kukaa naye mkekani. Unaweza usiseme lolote. Unakaa, unavuta tasbihi, unamenya vitunguu na wanawake jikoni. Mwili wako pale ndio msiba wenyewe, na ukiwa mbali, sauti yako inashika nafasi ya mwili. Pesa iliyotangulia bila sauti, nilimwambia, niliiona kama mtu anayelipa faini ya kutohudhuria.

"Kulipa?" akasema. Aliweka chini alichokuwa ameshika. "Kukulipa wewe? Nini?"

Kisha akanipa yake, na nilistahili. Juni mwanawe mdogo alilazwa kwa malaria siku tano, siku mbili hajitambui. Habari nilizipata kwa jirani yake aliyekuja kununua dera. Sikwenda. Nilijiambia moyoni, na aone inavyokuwa. Mtoto ambaye nilimtahirisha pamoja nao, nikampikia uji yeye na mama yake. Sista hakuipandisha sauti. Alisema tu kwamba usiku wa pili, amekaa pembeni ya kitanda kwenye hospitali anayofanyia kazi, kila mlango ulipofunguliwa alidhani ni mimi.

Sikuwa na cha kujitetea, na sikujitetea. Nilisema, "Nisamehe," kwa Kiswahili, halafu nikasema tena kwa Kiganda, "Nsonyiwa," kwa sababu nilitaka alisikie kwa lugha aliyonyonya nayo. Sitadanganya kwamba hasira yote ya miezi saba iliisha palepale, yangu au yake. Lakini ilikuwa mezani sasa, imelala kati ya samaki na majani, wote wawili tunaiona. Akachukua karatasi nyingine ya mchele, akaitoa majini mapema kama tulivyofundishwa, akapanga: tambi, tango, ndizi mbichi, kipande cha tumboni pa samaki ambapo pana mafuta, majani matatu ya mrehani. Akachambua miba kwa ncha za vidole, mmoja mmoja, kama mama zetu wa pwani wanavyomchambulia mgeni. Akaviringa, akaweka kwenye sahani yangu.

Mchuzi wa kuchovya una hadithi yake. Ni nước mắm iliyotiwa ndimu, sukari, kitunguu saumu na pilipili. Ukiinusa chupa tupu utarudi nyuma, ila mimi sikurudi, kwa sababu nimekulia jirani na vichanja vya ng'onda na harufu ya samaki mwenye chumvi kwangu ni harufu ya nyumbani. Mama wa Can Tho alituambia ni dagaa wa baharini na chumvi, wamelazwa kwenye mapipa makubwa ya mbao mwaka mzima au zaidi, mpaka maji yao yanachuruzika rangi ya chai. Ile bora zaidi inatoka kisiwa cha Phú Quốc. Dagaa na chumvi tu, na muda. Ukichanganya na ndimu na sukari, ukali wote unageuka kuwa kitu unachotaka kukilamba vidoleni, na tulilamba.

Phở ilikuja tukiwa tumeshashiba nusu, tukagawana bakuli moja. Nilivuta mvuke wake nikashangaa: mdalasini, karafuu, tangawizi iliyochomwa motoni, iliki nyeusi yenye moshi moshi, na lile tunda gumu lenye umbo la nyota. Ilikuwa pilau iliyoyeyuka kuwa supu. Nikamwuliza mpishi kama mrehani ni wa lazima kwenye bakuli. Akasema kwao kusini ndiyo. Kaskazini, ambako supu hiyo ilianza mwanzoni mwa karne iliyopita, hawaweki sahani kubwa ya majani namna hii. Mwaka 1954 nchi yao ilipogawanywa, mamia ya maelfu ya watu wa kaskazini walihamia kusini na masufuria yao, na huko supu ikakutana na mrehani. Yeye mwenyewe mrehani huo haupati kwa wingi sokoni Nakasero, kwa hiyo anaupanda nyuma ya nyumba. Mbegu alikuja nazo kwenye mkoba.

Nilimpenda sana yule mama kwa zile mbegu.

Kahawa tuliinywa jioni imeshaingia. Inaletwa kwenye kichujio kidogo cha bati kilichokaa juu ya glasi, chini kuna maziwa mazito ya kopo, na unasubiri tone baada ya tone, kisha unatia barafu. Nyeusi, nzito, chungu chini ya utamu. Sista alionja akasema, "Hii ni yetu." Alikuwa na haki. Vietnam ni ya pili duniani kwa kahawa baada ya Brazil, na sehemu kubwa ya mavuno yake ni robusta, mmea ambao asili yake ni misitu ya Afrika. Hata leo msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, una mibuni ya mwitu. Babu yake Masaka alilima hiyohiyo. Lakini kwa babu, kahawa kabla ya kuwa ya kuuza ilikuwa ya kutafuna, emmwanyi, inachemshwa na kukaushwa na ganda lake, anawekewa mgeni kikapuni. Wahaya wa Bukoba nao hutafuna hivyo.

Ndipo akanisimulia omukago. Tunda moja la kahawa huwa na punje mbili zimetazamana. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu walilipasua tunda, kila mmoja akachukua punje yake, akajichanja kidogo tumboni, akaipaka damu, akamlisha mwenzake kutoka kiganjani. Baada ya hapo nyumba ya mmoja ni ya mwingine, msiba wa mmoja ni wa mwingine, na kuuvunja ni laana. Babu yake alikuwa na ndugu wa namna hiyo, mtu wa kabila jingine kabisa, na alipokufa aliletewa gome kubwa kuliko la watoto wake.

Alisema hayo akiwa anatazama kahawa inavyodondoka. Hatukujichanja. Tulikunywa mpaka barafu ikagonga meno.

Bili ilipokuja, shilingi 128,000, sikuigombea. Kawaida yetu ni kuvutana mpaka mhudumu anaona aibu. Safari hii niliweka mikono yangu mapajani nikamwacha alipe, nikasema "Weebale nnyo," na nikamwambia kwamba asante hiyo ni ya chakula na ya Machi pia. Kwao mfiwa hushukuru kwa mabugo. Nilikuwa nimechelewa miezi saba.

Mama wa Can Tho alitusindikiza hadi getini na kikombe cha plastiki chenye maji, ndani yake matawi mawili ya mrehani. Alituambia yatatoa mizizi kwa wiki moja au mbili, dirishani, bila jua kali. Moja liko mlangoni mwa duka langu sasa, kwenye kopo la maziwa, na wateja wakipita linawagusa nguo. Jingine liko kwa Sista, kwenye dirisha la chumba anacholala mwanawe.

Khitma ya mwaka ya mama ni mwezi ujao. Zile 300,000 nimezitoa kwenye simu kwa mara ya kwanza, zimetosha tiketi mbili hadi Mombasa na zimebaki za maji njiani. Sista ameshaomba likizo, ameshanunua mtandio, na jana alinipigia usiku kuniuliza mambo chungu nzima. Kama atakaa na wanawake au nyuma. Kama anaweza kwenda kaburini. Kama foleni ya Busia ni ndefu.

Nikamwambia ni ndefu sana, na hakuna kivuli.

"Basi nitabeba mwavuli," akasema.